Ukuta wa Fundi Jamaldini

Jumatatu, 10 Machi 2025

Leo asubuhi nimekuta X nyekundu kwenye ukuta wa mbele wa maktaba. Imepigwa kwa rangi ya mafuta, inanizidi kimo, na bado ilikuwa inachuruzika. Hakuna Mtanzania asiyejua maana ya alama hiyo. Nimesimama na funguo mkononi mpaka Anneth, anayenisaidia usafi, akafika na kuniuliza, "Mama, tunafungua au hatufungui?" Nikamjibu kwa ukali kwamba X haijasema tufunge. Nimefunga, na swaumu hunipandisha hasira, Mungu anisamehe.

Nimechukua daftari la wasomaji ambalo halijawahi kutumika. Kama jengo litaondoka, walau awepo mtu aliyeandika jinsi lilivyoondoka.

Kwa atakayelikuta daftari hili: mimi ni Mwanahalima Jamaldini, miaka sitini na mitatu. Natunza maktaba ya Chama cha Ushirika hapa Arusha mjini, kando ya Kaloleni. Nilitakiwa nistaafu miaka mitatu iliyopita ila hakuna aliyekumbuka. Chama ni cha wakulima wa pande za Meru, nao ndio walioijenga mwaka 1968 wapate mahali pa kusoma. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa mbao katika ujenzi huo. Yeye ndiye aliyetengeneza maboksi ya mbao ambayo zege lilimwagwa ndani yake. Zege lilipokauka mbao zikabanduliwa, ukuta ukabaki. Sasa Chama kinataka kuubomoa.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Ndoo mbili: moja chini ya rafu ya kilimo, nyingine mlangoni.

Jumamosi, 15 Machi

Amekuja kijana anaitwa Iqbal, msanifu majengo, mjukuu wa yule mzee aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na soko. Ameniamkia vizuri, akaacha viatu mlangoni ingawa sikumwambia. Anasema ameona picha ya X kwenye simu ya mtu na hakulala.

Anataka maktaba iingizwe kwenye orodha ya majengo ya urithi, ili asiwepo wa kuigusa. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni mkubwa kuliko jengo hili. Basi niingizwe mimi kwanza." Akacheka. Kisha akatoka nje akauweka mkono wake ukutani.

"Angalia, Mama. Mistari ya mbao imebaki kwenye zege. Hata mafundo ya mti yanaonekana. Uzuri wake wote uko hapa."

Nikasema asante. Amelelewa vizuri, amekuta jengo ambalo halikupigwa plasta, akatafuta cha kusifia.

Jumatano, 19 Machi

Ndoo tatu. Mzee Elimringi, mwenyekiti wa Chama, alipita na mwavuli wake mrefu. Nilimpa shikamoo yake, akaitikia, akatazama ndoo kama daktari anayetazama mgonjwa ambaye ameshamkatia tamaa.

Nikamuuliza moja kwa moja kama ni kweli wanabomoa. Akasema kikao cha bodi ni tarehe 31 Mei, na yeye atapendekeza kiwanja kijengwe ghala. Wakulima wa Oldonyo Sambu mahindi yao yanaoza wakitafuta pa kuyaweka, na humu wanaingia wasomaji sita kwa siku.

"Tena, Binti Jamaldini, hili jengo lenyewe halikuisha. Walioanza walishindwa kumalizia. Sisi tulinde nini?"

Kilichoniuma si maneno yake. Kilichoniuma ni kwamba mimi mwenyewe naamini hivyo hivyo.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Ndoo tatu. Anneth amechelewa tena.

Jumatatu, 31 Machi. Idi

Nimekula, nimepokea wageni, nimechoka. Ukuta wa nyumba yangu unang'aa, maana wiki iliyopita niliupaka chokaa kama alivyofanya mama yangu kila mwaka kabla ya Idi. Mgeni haji nyumbani kwetu akakuta ukuta mchafu. Ndivyo nilivyolelewa.

Wageni walipoondoka nilimkumbuka Baba. Nilikuwa darasa la tatu pale mtaani, na watoto wenzangu walikuwa wakinizomea: "Jengo la baba yako liko uchi!" Mji mzima ulisema saruji iliisha, wakashindwa kupiga plasta. Watu wazima nao walikuwa wakimtania Baba njiani: fundi, lini utalivisha nguo? Siku moja nilikimbia nyumbani nikilia, nikamkuta anapiga randa. Nikamuuliza litamaliziwa lini. Akapuliza vumbi la mbao kwenye randa, akasema, "Limekwisha."

Alijibu hivyo hivyo kwa kila mtu mpaka anakufa mwaka 1991. Nilijua anaficha aibu. Nilimpenda sana, kwa hiyo sikumuuliza tena.

Jumatatu, 7 Aprili

Ndoo tano na beseni. Mlima Meru sijauona kwa siku nane. Leo maji yalishuka kwenye rafu ya kilimo yenyewe, tukahamisha vitabu kwa mikono, mimi na Anneth, kurudi na kwenda, mpaka magoti yakanikataa. Bila kuniambia, Anneth akapanda ngazi hadi juu ya paa katikati ya mvua. Nilibaki chini napiga kelele kama mwehu, naona miguu yake tu. Akazibua mifereji yote; ilikuwa imejaa majani. Akashuka amelowa mpaka mifupani, akasema, "Mama, paa si bovu. Lilikuwa halipumui tu."

Nilimpa khanga yangu kavu. Kuhusu kuchelewa kwake sijasema kitu tena. Amenieleza kwamba mtoto wake ana pumu, na asubuhi za mvua ndizo mbaya zaidi. Kwa nini sikuwahi kuuliza?

Jumatatu, 14 Aprili

Ndoo moja! Iqbal amepiga simu. Mkaguzi wa mambo ya kale atafika Alhamisi, tarehe 22 Mei, siku tisa kabla ya kikao cha bodi. Akiridhika, X inakuwa haina nguvu. Asiporidhika, basi. Iqbal anakwenda Dar es Salaam kutafuta michoro ya zamani, atarudi mwanzoni mwa Mei.

"Nami nifanye nini?" nikamuuliza.

"Wewe litunze tu, Mama. Likae vizuri."

Nimeirudia kauli hiyo kichwani siku nzima. Likae vizuri.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Anneth yuko kwao Machame. Mvua ya manyunyu. Nimekwenda kuliangalia jengo ingawa tumefunga. Nimelitazama kutoka ng'ambo ya barabara, kama atakavyolitazama mkaguzi. Michirizi myeusi ya maji. X. Kijivu kila mahali. Nimeona aibu.

Jumanne, 29 Aprili

Nimefanya jambo kubwa, na mikono inaniuma kiasi kwamba naandika kwa shida.

Jumamosi usiku sikupata usingizi, nikawa nawaza mtu mzima anasafirishwa na serikali hadi Arusha kuja kuoneshwa ukuta ulioshindikana. Na jina la Baba liko kwenye ukuta huo, hata kama halijaandikwa. Nikajiambia kwamba kuna kazi moja tu iliyobaki kwenye jengo hili tangu 1968, na mwenye kazi hayupo, na mtoto wake yupo.

Jana na leo mvua imepumzika. Nimemwita Mika, yule jirani anayepaka rangi mawe ya kando ya barabara kila kiongozi akitaka kuja mjini. Akaleta ngazi na brashi ndefu. Chokaa nilichanganya mwenyewe kwenye pipa, kwa kipimo cha mama yangu, na chumvi sikusahau. Chokaa ya masika bila chumvi huondoka na mvua ya kwanza. Nilitia chumvi ya kutosha, nikakoroga mpaka ikayeyuka kabisa.

Anneth alishika brashi yake lakini hakuichovya. Akasema taratibu, "Mama, kaka Iqbal atapenda kweli? Yule siku ile aliusifia hivyo hivyo ulivyo."

Nikamwambia, "Iqbal ni mtoto wa watu, ana adabu. Ungetaka aniambie ukuta wa baba yangu ni mbaya?"

Akachovya. Tulipaka ukuta wote wa mbele, mikono miwili ya chokaa. X ilikuwa mkaidi, ikawa inatokeza kwa rangi ya waridi. Tukairudia mara nne mpaka ikazama. Jua lilipotoka kidogo, jioni, ukuta uling'aa hadi watu wakawa wanageuka. Nimelia. Nimesema kwa sauti, nikiwa peke yangu, "Baba, nimekuvisha."

Jumatano, 30 Aprili

Mzee Elimringi alisimamisha gari. "Sasa linafanana na jengo," akasema. Mwaka mzima sijafurahi hivi.

Jumatatu, 5 Mei

Sijui nianzie wapi.

Iqbal amerudi. Nilimwona kupitia dirishani akishuka kwenye bodaboda na bomba la karatasi begani. Nikatoka mbio kumpokea, najichekea. Alikuwa amesimama katikati ya barabara. Bodaboda nyingine ikampigia honi, hakusogea. Akaja mpaka ukutani, akakwaruza kidogo kwa ukucha, akautazama ukucha.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," nikasema, bado natabasamu. Namwonea huruma yule mwanamke aliyekuwa bado anatabasamu.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniomba tuingie ndani. Akatandaza nakala ya mchoro juu ya meza ya kusomea, akazuia pembe kwa vitabu. Pembeni kuna maandishi ya mkono ya msanifu wa wakati ule, kwa Kiingereza, naye akanisomea kwa Kiswahili polepole:

"Ukuta wa mbele: zege libaki kama litakavyotoka kwenye mbao. Lisipigwe plasta, lisipakwe rangi. Mbao zitoke msitu wa Olmotonyi, zichaguliwe na fundi Jamaldini mwenyewe, moja moja."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwomba anioneshe jina kwa kidole. Akanionesha. Jamaldini, limeandikwa kwa wino, na chini yake mstari.

"Mama, mkaguzi anakuja kuona ukuta huu," akasema. "Paa linafanana na mengine. Madirisha yanafanana na mengine. Ukuta huu hauna mwenzake. Nilikwambia siku ile."

Kweli aliniambia. Nilidhani ni adabu.

Halikukosa saruji. Halikushindikana. Baba alizichagua zile mbao akiwa amezishika mkononi, akapanga mafundo yake, akajua kabisa kwamba ndiyo yatakayobaki. Kisha miaka ishirini na mitatu watu wakamtania, naye akawaambia ukweli kwa neno moja, na hakuna aliyemwamini. Hata mimi. Mimi ndiye ambaye sikumwamini zaidi ya wote, kwa sababu nilimwonea huruma.

Na sasa nimeufunika.

Jumanne, 6 Mei

Nimeomba mvua. Masika yote nimeomba isinyeshe.

Alhamisi, 8 Mei

Imenyesha saa sita mfululizo. Ndoo sita, sikuzijali. Nilisimama nje na mwavuli, nautazama ukuta. Chokaa haikuondoka hata tone. Chumvi ya mama yangu imeshika kama ilivyoahidi.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua tena. Nyeupe vilevile. Siku kumi na tatu.

Jumamosi, 10 Mei

Iqbal amekataza brashi ya waya, amekataza siki na dawa yoyote kali. Vitakula nyuso za zile mbao. Maji na kitu laini, akasema, na subira. Tumejaribu sponji: haisogezi. Tumejaribu kitambaa: haisogezi. Nilikuwa tayari nimekaa chini, Anneth akaniuliza kama nina magunzi nyumbani. Kwao husugulia masufuria ya pombe kwa magunzi ya mahindi, yanaondoa ukoko na hayakwaruzi.

Yamekubali. Kwa saa moja mtu mmoja anasafisha eneo la ukubwa wa sinia. Lakini chini yake, mistari ya mbao ilitoka mizima.

Jumatatu, 12 Mei

Magunzi yanakaribia kuisha. Nimehesabu: kwa mwendo huu tutafika nusu.

Jumatano, 14 Mei

Leo Mzee Elimringi ametukuta tunasugua. Akauliza kulikoni, wiki mbili tu zimepita tangu tulipake. Nilikuwa na gunzi mkononi na chokaa usoni, sikuwa na nguvu za kutunga. Nikamwingiza ndani nikamwonesha mchoro. Kiingereza anakijua, alikaa na mchoro muda mrefu, kidole chake chini ya jina la Baba. Kisha akaaga akaondoka bila mwavuli wake. Nina hofu. Nimempa mwenyewe silaha: sasa anajua kwamba nimeharibu, na anajua mkaguzi anakuja kuona nini.

Ijumaa, 16 Mei

Magunia mawili ya magunzi yameshushwa mlangoni na lori la Chama kutoka Oldonyo Sambu. Dereva hakuwa na maelezo. Sielewi. Tumesugua. Mika naye amekuja, anasema anaona vibaya kwa sababu ngazi ilikuwa yake.

Jumapili, 18 Mei

X imerudi. Chokaa juu yake imetoka kwa urahisi kuliko kwingine kote, nayo iko nyekundu kama siku ya kwanza.

Jumatano, 21 Mei

Baridi, hakuna mvua. Tumefika theluthi mbili. Upande wa mashariki bado mweupe, upana wa milango mitatu. Vidole vyangu havikunjiki. Iqbal anasema tuseme ukweli tukiulizwa. Ni rahisi kwake.

Alhamisi, 22 Mei

Mkaguzi ni mama wa makamo, Bi Agnela, mpole, wa maneno machache, wa aina inayonitia hofu kuliko wanaofoka. Alizunguka jengo mara mbili. Alipanda hadi paani. Alipiga picha. Mzee Elimringi alikuwepo kwa niaba ya Chama, kofia kichwani, mikono nyuma. Sisi tukafuata kama watu walio msibani.

Akafika mbele. Alitazama upande wa kijivu, akatazama upande mweupe, akatazama X.

"Hii chokaa ni ya lini?"

Nilitazama viatu vyangu. Kwa sekunde kadhaa, naandika hili kwa aibu, niliwaza kusema sijui, ya zamani, nilikuta hivyo.

"Ni mimi," akasema Anneth. "Nilipaka kwa kutojua."

Nilimtazama. Mwanamke ambaye nilimkaripia kwa kuchelewa, ambaye ndiye pekee aliyenionya. Nikamshika mkono nikamrudisha nyuma.

"Si yeye. Yeye alinikataza. Ni mimi, Mwanahalima, binti wa fundi aliyetengeneza mbao za ukuta huu. Nilidhani baba yangu hakumaliza kazi, nikataka nimmalizie. Tangu utoto nilidhani hivyo. Nimekosa, na nimekuwa nausugua tangu nilipojua."

Bi Agnela akasogea ukutani, akapitisha vidole kwenye mstari mmoja wa mbao tangu mwanzo hadi mwisho wake, kwenye fundo akasimama. Kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Mzee, na nyie Chama mlidhani hivyo?"

Neno moja tu lingetosha: halikuisha.

Mzee Elimringi akavua kofia. "Mimi nilimtania Jamaldini miaka ishirini," akasema. "Kila nikipita. Fundi, lini unavisha? Alikuwa ananijibu limekwisha, mimi nacheka." Akaikunja kofia, akaikunjua. "Wakulima wangu wanahitaji ghala, hilo sifichi. Lakini siwezi kusema tena kwamba jengo halikuisha."

Bi Agnela akaandika. Akaandika kwa muda mrefu. Akaaga.

Jumamosi, 31 Mei

Bodi imekaa. Wameahirisha mpaka barua ya mkaguzi ifike. Sijala.

Jumatatu, 9 Juni

Barua imefika. Ukuta na jengo lake vimewekewa zuio. Hakuna kubomoa mpaka orodha ipitishwe, na Iqbal anasema tumevuka sehemu ngumu. Chama kitengeneze mifereji ya paa. Ghala litatafutiwa kiwanja kingine, Mzee Elimringi ameshaanza kuzungukia Lemara. Na sharti moja: tusisugue tena. Upande mweupe uachwe ulivyo mpaka waje wataalamu, huenda mwaka huu, huenda mwakani. Anneth alicheka mpaka akakaa chini. Magunzi gunia zima limebaki.

Jumanne, 10 Juni

Jua. Hakuna ndoo. Meru umetoka mzima tangu asubuhi.

Nilikuwa nafagia mbele ya mlango. Dereva mmoja wa bodaboda, mtu mzima mwenye mvi, aliegesha pale akisubiri abiria. Akautazama ukuta, kijivu huku, nyeupe kule, X katikati.

"Shikamoo, Mama. Hivi hili jengo mtalimalizia lini?"

Niliacha kufagia.

"Limekwisha," nikamwambia.

Akacheka kwa heshima, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma, akawasha pikipiki akaondoka. Sikumwita. Niliendelea kufagia.